Taabu za Msafiri wa Wikendi Mjini Garsen

Miongoni mwa desturi zilizoletwa na kazi za ofisini ni ile ya kuyakusanya mapumziko ya juma zima katika siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na kuyatumia mbali na nyumbani kwa haraka kubwa, hata mtu akarudi kazini Jumatatu amechoka kuliko alivyoondoka Ijumaa. Kwa wakazi wa Mombasa na Malindi desturi hii ina vituo vyake vinavyojulikana: Watamu kwa wapendao mchanga, Lamu kwa wapendao punda na milango ya nakshi. Garsen, mji mdogo wa Kaunti ya Tana River ulio zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Malindi, haumo katika orodha hiyo, na wengi waendao Lamu huujua kupitia dirisha la basi tu. Kwa hiyo mtu anayeshuka hapo kwa hiari yake, begi mgongoni, bila jamaa wa kumzika wala ng'ombe wa kumnunua, huwa ni jambo linalohitaji maelezo.

Taabu yake ya kwanza huanza kabla hajafika. Barabara itokayo Malindi humfikisha msafiri Minjila, njia panda ambapo magari ya Hola na Garissa huendelea kaskazini na yale ya Lamu hukata kulia kuelekea mtoni, na Garsen yenyewe imo katika njia hiyo ya kulia. Mgeni aliyeambiwa kwamba Garsen "ni hapo Minjila" huteremka kwa kujiamini, akautafuta mji kwa macho asiuone, kisha akapanda bodaboda kulifuata basi lilelile aliloshuka, akila vumbi lake na kulipa nauli ya pili kwa safari ambayo alikwisha kuilipia.

Taabu ya pili ni ya kitambulisho. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara ya Lamu imekuwa chini ya ulinzi mkali, na katika vizuizi vya polisi abiria huteremka, wakapanga foleni na kuonyesha vitambulisho mmoja mmoja. Wenyeji huvishika mkononi tangu mapema. Msafiri wa wikendi, ambaye ameshauriwa avitunze vitu vyake vya thamani, huwa amekiweka mahali salama kabisa, yaani ndani ya pochi iliyo ndani ya begi lililo ndani ya buti, chini ya magunia ya vitunguu ya watu wengine, na basi zima husimama juani likimngojea huku mama mmoja mwenye safari yake akimwambia kwa upole unaouma, "Mwanangu, huku kitambulisho huvaliwa."

Kuhusu malazi na chakula hapana haja ya maneno mengi. Gesti zipo, feni zipo, na umeme nao huwapo mpaka saa ambayo feni inahitajika. Chandarua huwa na tundu moja tu, ambalo mbu wote wa bonde la Tana wanalijua. Mgeni mwenye busara huagiza wali, unaofaa sana mahali palipolima mpunga kwa vizazi vingi, na samaki wa mtoni; asiye na busara huagiza chipsi, akazipata wakati ambao hamu yake imekwisha kuhamia kwenye wali wa jirani.

Mambo huwa matamu zaidi pale mgeni anapotoka kwenda kutalii. Amesoma kwamba Delta ya Tana, yaani eneo la mabwawa, misitu na mbuga ambako mto hugawanyika kabla ya kuingia baharini, ina hekta 163,600 zilizoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa. Naye anatazamia lango, kibao na mtu wa kukata tiketi. Mazungumzo yanayofuata, kwa namna moja au nyingine, hayaepukiki. "Shikamoo, mzee. Delta iko upande gani?" "Marahaba, mwanangu. Umeikanyaga." Mgeni huangalia viatu vyake, akaona matope, akashukuru, kisha akaendelea kuitafuta.

Ratiba yake kwa kawaida ina mambo mengine pia: asubuhi hifadhi ya nyani na kima iliyoanzishwa mwaka 1976 huko juu ya mto, ambako wamo kima wekundu wasiopatikana kokote kwingine duniani, mchana Hola, jioni Kipini kutazama mto ukiingia bahari. Ratiba hiyo imeandikwa na mtu ambaye hakutazama kipimo cha ramani. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, ikiipita Rwanda kwa ukubwa, na sensa ya 2019 ilihesabu ndani yake watu 315,943 tu, Wapokomo wakulima, Waorma na Wawardei wafugaji, na wengine wengi, kiasi kwamba gari likikwama, wa kulisukuma hupatikana kwa bahati.

Na gari hukwama, kwa sababu ya mathenge. Huu ni mti wa miiba ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya kitropiki, na uliletwa sehemu kavu za Kenya, Bura na Hola zikiwamo, ili uzuie jangwa na kutoa kuni. Kazi hiyo umeifanya kwa bidii isiyoombwa, ukameza malisho na kingo za mto, na miiba yake hupita katika tairi la pikipiki bila kubisha hodi. Katika Baringo, ambako mti huohuo uliharibu meno ya mbuzi kwa utamu wa maganda yake, wakazi waliishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Tana River ingeweza kupeleka tyubu. Wapo waendesha bodaboda wanaotembea na viraka na pampu kama daktari anavyotembea na dawa zake, na msafiri aliyeketi chini ya mti akingoja pancha izibwe hugundua baadaye kidogo kwamba mti aliouchagua kwa kivuli ni mathenge.

Ni katika kungoja huko ndipo wengine huambiwa kwamba muziki wa wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Taifa zima limezoea kusimama wima, mikono ubavuni, kwa sauti iliyokusudiwa kumlaza mtu, na huenda hapo pakapatikana udhuru wa wale wanaosinzia katika sherehe za kitaifa.

Mwenye neno la mwisho katika safari hii, hata hivyo, ni mto wenyewe. Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, wenye takriban kilomita 1,000, haujawahi kuheshimu ratiba ya mtu. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belazoni, mwembamba, wa kupitisha mitumbwi kutoka Tana hadi mto Ozi. Mto uliionja njia hiyo ya mkato, ukaipenda, ukahamia huko na maji yake, na ndiyo maana sasa unaingia baharini Kipini. Mafuriko yake nayo huja bila wingu, kwani maji hutoka Aberdare na Mlima Kenya, yakapita mabwawa ya umeme yaliyojengwa kati ya Kindaruma ya 1968 na Kiambere ya 1988, na mabwawa yakijaa na kufurika, Garsen hupokea siku kadhaa baadaye mvua iliyonyesha kwa watu wengine. Kwa mkulima hilo si mzaha: maji hayohayo huleta rutuba ya mpunga na pia hubomoa nyumba. Mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024 barabara ya Lamu ilizama mahali paitwapo Lango la Simba, abiria wakavushwa kwa boti, huku jua likiwaka.

Kwa hiyo anayekusudia kwenda asipoteze muda kuitazama mbingu ya Garsen. Apige simu Nyeri na Murang'a aulize kama kumenyesha, na akijibiwa ndiyo, aombe ruhusa kazini ya Jumatatu, na ya Jumanne pia.