Jinsi ya Kulitia Akili Gari la Kuchezea Bila Kugusa Pesa ya Mboga

Gari la rimoti linalouzwa Kariakoo huwa na sura nzuri kuliko tabia. Kwenye boksi limechorwa likiruka jabali, vumbi linatimka, moto unatoka kwenye ekzosi. Ukilitoa na kuliweka sakafuni unakuta linajua maneno manne tu: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Na yote manne linayapigia kelele. Hakuna mbele kidogo, hakuna kulia taratibu. Ukibonyeza, linachomoka mzimamzima mpaka kwenye mguu wa kabati. Ukiachia, linakata pumzi. Mtoto analichezea siku ya sikukuu, kesho yake analishika mkononi na kulitembeza huku akilitolea mlio kwa mdomo. Ana haki, maana mlio wa mdomo wake una mwendo wa pole na mwendo wa kasi.

Ugonjwa huo unatibika, na dawa yake si ghali. Bodi, chasisi na magurudumu ya gari la bei rahisi mara nyingi havina kosa kubwa. Kosa liko kwenye saketi iliyofungwa ndani, ambayo kiwandani imebaniwa kila senti. Tunaing'oa yote na kuweka vifaa vya aina wanayotumia watu wazima walioshikwa na mchezo huu tangu kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa gari lake la kwanza la umeme la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Ubora wa magari ya namna hiyo hauanzii kwenye kasi. Unaanzia kwenye ukweli kwamba kila kipande kinauzwa peke yake: kikifa kimoja, unanunua kimoja. Gari la kuchezea likifa kipande limekufa lote, linapandishwa juu ya kabati kusubiri mgeni mwenye watoto.

Tuanze na gari lenyewe. Kama nyumbani kuna mtoto, muombe lake kwa heshima zote na umwahidi kwamba litarudi likiwa hai. Kama huna mtoto, nunua hivyo hivyo. Hakuna sheria inayomzuia mtu mzima kununua gari la kuchezea, na muuzaji ameshazoea kuambiwa "ni la mpwa wangu". Chimbo zuri ni kwenye mitumba. Katika mafungu ya vitu vya kuchezea utakuta magari makubwa, yenye matairi mapana, yaliyopoteza rimoti, na bei imeanguka kwa sababu hiyo hiyo. Rimoti iliyopotea haituhusu. Ilikuwa ya megahezi 27 au 40 au 49, ile ambayo watoto wawili wakiwasha pamoja kila mmoja anaendesha gari la mwenzake, na tungeitupa tu.

Likague kabla ya kulipa. Zungusha magurudumu ya nyuma kwa kidole: yasikwaruze, yasigome. Shika ya mbele uyapeleke kushoto na kulia. Yakiwa yamelegea kidogo si neno, yakiwa yamevunjika shingo achana nalo. Hakikisha giaboksi imefungwa kwa skrubu, si kwa gundi. Na usinunue dogo. Gari linaloenea kiganjani halina nafasi ya kuweka chochote. Kipimo cha 1:16 kwenda juu mpaka 1:10 ndicho kinachofaa. Anayetaka jipya aitazame WPL D12, ambayo ni kirikuu: umbo la Suzuki Carry lililopunguzwa mara kumi, na vifaa vyake vya kuboreshea vinauzwa kimoja kimoja. Mtu aliyekulia mtaa ambao kirikuu ndicho kinacholeta soda, godoro na mitungi ya gesi hahitaji kushawishiwa kukipenda.

Sasa fedha. Gawa bajeti mara mbili, na nusu nzima iende kwenye rimoti na risiva yake, kile kipokezi kinachokaa ndani ya gari. Najua kidole kinawasha kununua mota kubwa kwanza. Kizuie. Mota itaungua, betri itachoka, gari litaanguka ngazini. Rimoti nzuri itayazika yote hayo na kuhamia kwenye gari linalofuata. Chukua ya gigahezi 2.4. Kuna DumboRC X6, yenye umbo la bastola na chaneli 6, na kuna FlySky za aina nyingi. Gari linahitaji chaneli mbili tu, moja ya usukani na moja ya mwendo. Unachokinunua hapo ni kipimo. Risiva hupeleka mpigo wa umeme mara 50 hivi kwa sekunde, na urefu wa mpigo ndio ujumbe: milisekunde 1 ni mwisho wa upande huu, 2 ni mwisho wa upande ule, 1.5 ni katikati. Ukivuta kifyatuo robo, gari linakwenda robo. Hicho ndicho kiwanda kilichokunyima.

Nusu ya pili inanunua sevo (mota ndogo inayogeuza usukani kwa kipimo), kidhibiti mwendo na betri. Mota, tutaona kama kuna chenji.

Fungua gari ukiwa umetoa betri. Skrubu ziweke kwenye kisosi, maana ikipotea moja itapatikana kwa unyayo wa mama mwenye nyumba na mradi utafungwa siku hiyo. Ndani utaona saketi ndogo, nyaya mbili zinazokwenda kwenye mota ya nyuma, na mbili au tano zinazokwenda mbele. Zikate karibu na saketi ili upande wa mota ubaki mrefu. Saketi yenyewe usiitupe, ina kazi baadaye.

Usukani ndio kazi yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Magari mengi ya kuchezea hukata kona kwa kimota kinachosukuma mpaka mwisho wa upande mmoja, kisha springi inayarudisha matairi katikati, au inadhani imeyarudisha. Yale ya nyaya tano yamejitahidi kidogo: mbili ni za mota, tatu ni za potenshiometa inayoripoti matairi yameelekea wapi. Toa mpango wote huo, weka sevo. SG90, ile ya bluu, ina uzito wa gramu 9 na nguvu ya kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita moja ikipewa volti 4.8, na kwa gari jepesi inatosha. Ila gia zake ni za plastiki, na gari likigonga ukuta zinang'oka meno. Ukiongeza kidogo unapata MG90S yenye umbo lile lile na gia za chuma. Kwa kuwa gari litaendeshwa na mtoto, na wewe pia, chukua hiyo. Gari zito la 1:10 litahitaji sevo kubwa zaidi, kama MG996R ya gramu 55.

Kabla hujapachika mkono wa sevo, iunganishe na risiva, ipe umeme, uache usukani wa rimoti katikati. Sevo itajipeleka yenyewe kwenye katikati yake. Hapo ndipo unapachika mkono ukiwa wima, huku matairi yanatazama mbele. Fundi anayeruka hatua hii hupata gari linalokata kona vizuri sana upande wa kushoto na kukataa kabisa upande wa kulia. Fimbo ya kuunganisha mkono na matairi usiinunue: tumia spoku ya baiskeli. Ni ngumu, imenyooka, na fundi baiskeli ana za kutupa. Kunja kila ncha kwa koleo ipate umbo la herufi Z, ipite kwenye tundu, isichomoke. Sevo ifunge kwa skrubu. Gundi ya kuyeyusha isikudanganye; gari likiachwa juani Dar es Salaam saa nane mchana gundi hiyo inalainika na sevo inaanza kucheza. Pasipo na nafasi ya skrubu tumia supa gluu na uinyunyizie soda ya kuokea: inakauka papo hapo na kuwa ngumu, lakini inatoa joto na moshi unaowasha macho, basi fanyia nje.

Ukimaliza, peleka usukani mwisho kabisa na usikilize. Sevo ikinguruma, ujue matairi yameshafika mwisho na yenyewe bado inasukuma chasisi. Rimoti ina mahali pa kupunguza mwendo wa usukani. Punguza mpaka inyamaze. Sevo inayonguruma kutwa inaungua.

Kidhibiti mwendo, ambacho kwenye pakiti kimeandikwa ESC, kinafungwa kati ya betri na mota. Nunua cha mota za brashi, na uhakikishe kina rivasi, maana vya ndege havina, na gari lisilo na rivasi linaishi maisha yake chini ya kochi. Kwa gari dogo cha ampea 20 au 30 kinatosha. Ukitaka kimoja cha kudumu kuna HobbyWing QuicRun 1060, cha ampea 60. Waya wake wa pini tatu unaingia kwenye chaneli ya pili ya risiva na unapeleka volti 5 hivi, kwa hiyo risiva na sevo hazihitaji betri yao. Kosa la kuogopa ni moja: kugeuza chanya na hasi upande wa betri. Kitatoa moshi mara moja, na hakirudi. Pima kwa mita kila mara. Rangi ya waya kwenye gari la kuchezea si ushahidi. Kama mota haina kapasita, lehemu zile ndogo zilizoandikwa 104: moja kati ya ncha mbili za mota, na moja moja kutoka kila ncha kwenda kwenye ganda lake. Zinazuia kelele za brashi zisiisumbue risiva.

Sasa tunafika kwenye betri, na naomba uweke kikombe chini usome kwa makini. Betri za bei nafuu ni zile za lithiamu za 18650, mviringo, upana milimita 18 na urefu 65, zinazopatikana ndani ya betri za laptopu zilizokufa. Mara nyingi kimekufa kipande kimoja na wenzake wanadai. Mbili zikiunganishwa mfululizo zinatoa volti 7.4, na zikijaa 8.4. Kipande ulichokikuta chini ya volti 2, au chenye kutu, au kilichobonyea, usikifufue. Kipeleke wanakopokea taka za umeme. Usilehemu moja kwa moja kwenye betri, joto linaiharibu ndani. Nunua kishikio chake. Kila kipande kichajiwe na chaja ya lithiamu inayoishia volti 4.2. Ile chaja ndogo iliyokuja na gari, ya betri za nikeli, iweke mbali kabisa: haijui pa kuishia, na lithiamu isiyosimamishwa inaweza kuwaka moto. Usiendeshe mpaka gari life njiani. Kila kipande kikifika volti 3 inatosha. Betri iliyovimba haina dawa. Na usichaji usiku umelala, wala juu ya godoro, wala chumba wanacholala watoto. Chaji juu ya sakafu ya saruji, upo, una ndoo ya mchanga karibu. Hapa hakuna mahali pa kubana matumizi.

Chenji ikibaki, wengi huweka mota ya 370 kwenye magari ya WPL, na inafaa. Ya 540, yenye upana wa milimita 36 hivi, iache kwa magari yaliyoumbiwa. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kugonga ukuta inaongezeka mara nne, na gia za plastiki ndizo zinazolipa. Ni heri pesa hiyo ikae kwenye matairi, ambako karibu haihitajiki. Matairi ya plastiki ngumu yanateleza kwenye vigae kana kwamba yamepakwa sabuni. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, vivishe juu yake, gari litakamata sakafu. Likiinua pua linapopanda kizingiti, pita kwa fundi tairi uombe vile vipande vya risasi vya kubalansia ringi vilivyotolewa kwenye magari ya watu. Viwili vitatu vikibandikwa mbele, pua inatulia. Vifunike kwa tepu na unawe mikono, risasi ni sumu na watoto hutia kila kitu mdomoni.

Kabla ya kufunga skrubu ya mwisho vuta kila waya kidogo. Unaochomoka sasa ungechomoka kesho mbele ya majirani.

Mtihani wa gari hili usiwe wa mbio. Weka kikombe cha maji kilichojaa nusu juu ya gari, ukitoe jikoni mpaka sebuleni, upite mlangoni, ukate kona, usimame mbele ya babu bila kumwaga. Gari la boksini halifiki hata mlangoni. Hili litafika, na litamfanya babu aombe rimoti.

Halafu rudisha mali ya watu. Gari likabidhi kwa mtoto, pamoja na ile saketi ya zamani, na kile kimota cha usukani ulichokitoa, na betri mbili za tochi. Mota ndogo kama ile inazunguka kwa volti 3, na ukigeuza nyaya inazunguka kinyume. Mtoto ataligundua hilo bila kufundishwa, na muda si mrefu atakuja na gari lake la mtumba akitaka lifungwe sevo. Kwa hiyo siku unanunua rimoti, muulize muuzaji kama inahifadhi zaidi ya gari moja, na ununue na risiva ya pili hapo hapo.