Mhadhara wa Bure Mtaa wa Kongo

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa kijiweni, na wewe dada wa chapati uliyekubali kusogeza meza: karibuni. Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Vyombo vya Magurudumu Mawili, cheo nilichojitunuku mwenyewe, kwani nchi nzima hakupatikana mwenye sifa za kunitunuku.

Mnachokiona hapa ni Yamaha Ténéré 700. Msiiguse. Ina silinda mbili, cc 689; zile Boxer zenu za cc 150 ziitunze heshima. Babu yake, XT500, alishinda mbio za kwanza kabisa za Paris hadi Dakar mwaka 1979, na jina la ukoo limetoka kwenye jangwa la huko Niger. Kwa hiyo nilipokata kona kutoka Uhuru kuingia Mtaa wa Kongo, nilitegemea Kariakoo iwe imejiandaa.

Kiti kiko milimita 875 kutoka chini. Ukikaa pale unaona mapaa ya bajaji, vipara vya wapagazi, na bei ambazo wenye maduka hawakutaka uzione. Wambea wanasema nikisimama ni vidole tu vinavyogusa lami. Ndiyo. Kisigino ni cha waenda kwa miguu.

Shokapu za mbele zinacheza milimita 210. Mashimo mnayoyakwepa nyie, mimi nayafuata. Klachi ni laini, na lile gurudumu la mbele la inchi 21 linapanda ukingo wa barabara bila kuomba ruhusa. Utamu wa injini, kitaalamu, unaanzia gia ya tatu. Leo sijaiona hata ya pili. Feni ilikuwa imewaka tangu Mnazi Mmoja, inanipulizia moto magotini, jambo linalofaa sana kwa wenye baridi yabisi.

Sasa, upana. Chombo hiki kina sentimita 90 na ushee. Kushoto viatu, kulia mabeseni, katikati mkokoteni wa majora ya vitenge na msukumaji anayepiga kelele "Pisha!" kana kwamba hajui anaongea na nani. Hapo kioo changu kikanasa sidiria iliyotundikwa. Muuzaji akasema nimeshaichagua. Nimelipa, kwa ajili ya utafiti.

Wakati huohuo Boxer iliyopakia mishikaki, abiria wa mwisho amekumbatia feni ya kusimama, ikapenya kati yangu na mkokoteni. Msishangilie. Ule si ushindi, ni ukosefu wa upana. Na aliyenishauri nipite njia ya mwendokasi ajue kwamba trafiki wa Msimbazi hawaheshimu taaluma.

Swali? Inabeba magunia mangapi? Kijana, hii ni pikipiki ya kuvuka mabara. Inabeba mtu na mawazo yake. Magunia nitakujibu kwa maandishi.

Basi, naona guta limesimama nyuma yangu na lingine mbele, na mhadhara umekolea. Naomba vijana wawili wenye nguvu tuigeuze. Ni kilo 204, haina gia ya kurudi nyuma. Siyo kwenye kioo! Shika huku. Taratibu. Eti? Elfu mbili? Kila mmoja? Jamani, jangwa zima la Ténéré hakuna mtu wa kukudai elfu mbili!