Ajenti wa Ardhi Kabla ya Chai ya Saa Nne

Kuna watu wanajitesa bure. Kule California, kabla hujauza hata choo cha mtu, unasomea saa 135, kisha unakalia mtihani wa maswali 150. Dubai ni mpaka serikali ikupe kadi ya udalali. Wewe uko soko la Rangwe, saa tatu asubuhi. Saa nne chai ikukute ajenti.

Kwanza, sheria. Sura ya 533 ya sheria za Kenya, ya mwaka 1984, inataka uandikishwe na bodi. Ukikaidi, faini isiyozidi shilingi 20,000, au jela isiyozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ya jela usiisome, itakuharibia usingizi. Soma ya elfu ishirini tu: hiyo ploti moja inalipa, na chenji inabaki.

Pili, vaa kazi. Viatu vilivyochongoka, simu mbili (moja hata ikiwa mbovu), na faili yenye karatasi iliyogongwa muhuri. Risiti ya karo ya mtoto inatosha, mradi usiifungue. Kadi iandikwe "Mkurugenzi". Hakuna atakayeuliza unamwongoza nani.

Tatu, na hapa tulia, ndipo ufundi ulipo: kuonyesha shamba. Mteja ametoka Nairobi na raba nyeupe. Chukua ada ya kuonyesha kabla hajashuka garini. Akishakanyaga tope bei hubadilika. Sasa, boma la Kijaluo lina wenyewe, na baadhi yao wamelala pale pale nyumbani. Babu kajengewa kaburi la vigae vya buluu, linamemetuka juani. Msimamishe mteja alipe mgongo, umwoneshe lami ya kwenda Homa Bay, umhesabie nguzo za stima. Akigeuka, mwambie lile ni tangi la maji. Akiuliza mbona tangi lina msalaba, mwambie wenye shamba ni watu wa kanisa.

Nne, hati. Akifanya sachi atakuta jina la babu yule yule wa kwenye tangi. Usitetemeke. Sema, "Bosi, kesi ya urithi iko mbioni." Hujadanganya, iko mbioni tangu ukiwa shule ya msingi.

Bodi ya ardhi ndiyo yenye kisirani. Tangu sheria ya 1967, shamba la kilimo haliuzwi bila kibali chake, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita, la sivyo mapatano ni bure. Na ukifika pale wanamtaka mke, wanataka na watoto. Mwambie mteja asiwe na haraka, miezi sita ni mingi. Inatosha kabisa kubadilisha laini. Pesa ya shamba apokee muuzaji mwenyewe, kwa kuwa aliyelipwa ndiye hudaiwa. Wewe gusa kamisheni tu.

Na ukimwona mama mzee anatokea nyuma ya nyumba na jembe begani, anauliza kwa Kijaluo nyinyi ni akina nani, usimpe kadi. Boda hukuizima, sivyo?