Peni Hamsini ya Mama Mkwe

Wewe mwenye mke, watoto, shemeji asiyeaga, na mama mkwe aliyekuja kutembea kidogo na sasa ana kabati lake, utanielewa. Asiye nao aendelee na maisha yake kwa amani.

Kwetu hapa Barking, mashariki mwa London, chenji zote huishia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya friji. Kopo ni la mke wangu, Mama Nasra, ambaye kwa faragha namwita Gavana, maana hakuna senti inayotoka humo bila idhini yake. Mimi kazi yangu kuweka tu. Kutoa ni habari nyingine.

Basi kijana wetu wa pili, Mkaguzi Mkuu, akaambukizwa shuleni ugonjwa wa kusaka peni hamsini. Mtoto anayeombwa atandike kitanda mpaka sauti inakauka, Jumapili moja aliamka mwenyewe, akamwaga kopo zima juu ya mkeka sebuleni, akaanza kutufundisha. Eti sarafu hii ilitoka mwaka 1969 kuchukua nafasi ya noti ya shilingi kumi za Kiingereza. Eti pande zake saba zimepindwa kwa hesabu maalumu, ukiipima popote upana ni uleule, ndiyo maana mashine za kuuzia vitu haziikatai. Eti mwaka 1997 waliipunguza ukubwa.

"Mbona hata sisi tulikuwa nayo," akasema mama mkwe kutoka jikoni. "Ile shilingi ishirini ya Mwinyi, yenye tembo na mwanawe. Nayo ilikuwa na pembe saba." Huyu ni Bi Mkubwa wa Tanga, na sijawahi kumsikia akikiri kwamba Wazungu wametangulia kwa lolote.

Hapo ndipo Mkaguzi alipopiga ukelele, nikadhani amekaa juu ya sindano ya bibi yake.

Alikuwa ameshika peni hamsini ya Kew. Mnara mrefu wa Kichina umesimama katikati, mmea wenye majani unauzunguka, unaingia huku unatokea kule, kushoto 1759, kulia 2009, chini limeandikwa jina la bustani. Mchoraji ni Christopher Le Brun. Ilitolewa bustani za mimea za Kew zilipotimiza miaka 250, na kiwanda cha sarafu cha kifalme kule Llantrisant, Wales, kilitoa 210,000 tu ziingie madukani, wakati sarafu ya kawaida hutoka kwa mamilioni. Watu wakanunulia maziwa na magazeti bila kushtuka, mpaka mwaka 2014 habari za uchache wake zilipoenea, kila mtu akaanza kupekua mifuko ya makoti ya zamani. Sasa wakusanyaji huinunua kwa zaidi ya paundi mia.

Zaidi ya mia! Nikaona kabisa tairi jipya la gari langu.

Lakini kuna shemeji, kaka yake Gavana, ninayemwita Intaneti Bila Bando. Akaidaka sarafu, akaigeuza upande wa malkia, akakunja uso kama daktari. Kuna za bandia, akasema. Tena kuna iliyotolewa upya mwaka 2019 kwa ajili ya wakusanyaji, peni hamsini ilipofikisha nusu karne, hiyo ina 2019 upande wa malkia. Yetu haina, kwa hiyo ni yenyewe. Nikamshukuru, maana ilikuwa mara ya kwanza ajue jambo kweli. Papo hapo akadai ni yake, kwamba chenji ile aliitia yeye kwenye kopo. Mkaguzi akasema aliyeona ndiye mwenyewe. Gavana hakusema kitu. Alinyoosha mkono, ikawekwa kiganjani mwake, kesi ikaisha.

Kisha akaamua twende Kew tukauone mnara wenyewe. Kiingilio cha familia nzima nililipa mimi, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Mnara ni wa mwaka 1762, kazi ya William Chambers, una ghorofa kumi, na yale madubwana 80 yenye mabawa kwenye paa zake, yaliyoondolewa zamani, yalirudishwa mwaka 2018. Bi Mkubwa aliposikia ngazi ni 253 akaketi kwenye benchi, akafungua kontena la vitumbua, akasema ataulinda kutokea chini.

Kesho yake alfajiri, baada ya sala, nikasikia maji yanamwagika jikoni. Sikushughulika, mama mkwe na maji ni ndugu. Nilipoingia kutafuta chai nikakuta chenji zote za kopo zimetandazwa kwenye taulo, ile ya Kew ikiwemo, zinameremeta, na yeye ana kipande cha ndimu mkono mmoja, mkono mwingine ile waya ya kusugulia masufuria.

"Hela imepita mikono ya watu wote hawa, halafu mnaiweka karibu na chakula," akasema. "Nimewasafishia."

Mkusanyaji anataka sarafu na uchafu wake. Ukiisugua unaikwangua uso, na mikwaruzo ile haifichiki chini ya lenzi. Mfanyabiashara wa sokoni tuliyempelekea aliinamisha yetu kwenye taa mara moja tu, akaanza kutikisa kichwa. Mimi ningekubali lolote nikaondoka. Gavana, aliyelelewa na wauza vitenge, akatia shanga zake sawa, akaanza. Tulitoka na paundi arobaini, zikaingia duka la pili kununua masufuria mapya, kwa sababu ya zamani, akasema, yameharibiwa na waya.

Tairi bado ni lilelile.

Sasa Mkaguzi ana homa mpya. Mwaka 2023 ilitoka peni hamsini ya Mfalme Charles yenye samaki aina ya samoni, nayo ni 200,000 tu, chache kuliko hata ya Kew. Kila jioni anapekua kopo kabla bibi yake hajalifikia. Juzi akamkalisha chini, kwa adabu zote, akamsihi: bibi, ukikutana na samaki, tafadhali usimwoshe.

Bi Mkubwa akamtazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, samaki asiyeoshwa atalika na nani?"