Barua ya Wazi Kuhusu Mwanafunzi Wetu Aliyechelewa Kuhitimu

Kwa Muhtaramu Msajili wa Wanafunzi wa Kigeni,
Katika chuo, hospitali, makumbusho au ghala lolote la Ujerumani alimo mwanafunzi wetu.

Muhtaramu,

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayostahiki cheo chako, twakuarifu kwamba sisi huku Songea hatujambo, ila baridi ya milima ya Matogoro, na kwamba lililotufanya tushike kalamu ni jambo dogo la ofisi, ambalo msajili mwenye daftari zilizonyooka hatashindwa kulimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tunaomba taarifa ya maendeleo ya Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu huu umeitwa kwa jina lake.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Vita vya Majimaji, vya kuupinga utawala wenu, vilipozuka Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na Wangoni walipoingia vitani mwezi wa Septemba, yeye alikuwa miongoni mwa viongozi wao, akakamatwa, na baada ya wenziwe makumi, akiwamo mtawala wao Nkosi Mputa Gama, kunyongwa hapa mjini tarehe 27 Februari 1906, naye akanyongwa siku chache baada yao, akazikwa kaburi la peke yake. Wazee husimulia, tangu hapo hata leo, kwamba kilichozikwa ni kiwiliwili tu, na kwamba kichwa kilichukuliwa kikasafirishwa kwenu. Sisi ni watu wa hadhari, hatupendi kumdhania mgeni mabaya. Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, tumeona kwamba mtu anayechukua kichwa na kuacha mikono na miguu hawezi kuwa na nia nyingine ila moja: alitaka kukisomesha.

Nasi twauhusudu wepesi wa udahili wake. Juzi nilimwona kijana mmoja katika steshenari iliyo jirani na stendi, anayetamani kuja kusoma kwenu, amekumbatia bahasha ya kaki kama mtoto mchanga. Ndani mna cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita vilivyogongwa muhuri wa wakili, na barua ya kueleza kwa nini anataka kusoma, ambayo alikuwa akiipiga chapa kwa mara ya tatu kwa kuwa mwenye duka alisema haina unyenyekevu wa kutosha. Bado hajapata cheti cha lugha ya Kijerumani, na bado hajapata ushahidi wa fedha, nao, kwa kiwango mlichokiweka mwaka 2024, ni euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja, ziwekwe benki katika akaunti iliyozuiwa isiyomwachia mwenyewe zaidi ya euro 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya milioni 30, na mkulima wa Magagura awezaye kuzitoa kwa mkupuo hana haja tena ya kumpeleka mwanawe mbali kutafuta ilimu ya kumwondolea umaskini. Nduna hakuulizwa akiba, wala lugha, wala hakuandika barua ya kueleza nia yake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo siku hizi huwapa waendao ng'ambo hati ya kwamba haina pingamizi, ilikuwa haijazaliwa. Na yeye mwenyewe, aliyekuwa na pingamizi kubwa, alikuwa amekwisha kunyongwa.

Maadamu ripoti ya muhula haijatufikia hata mara moja, imetulazimu kuyakisia masomo yake kwa kutazama yaliyowapata wenziwe wa zama zile. Alikuwako Berlin bwana Felix von Luschan, aliyekusanya mafuvu ya wanadamu kwa maelfu kutoka pembe zote za dunia, na maofisa na madaktari wa makoloni wakawa wanampelekea. Basi yamkini nduna alianzia anatomia, akapanda anthropolojia ya siku hizo, ambamo wengi walishika bikari na kupima fuvu la mtu ili wajue kadiri ya akili yake, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba haimo tena. Kisha likafuata somo refu la uhifadhi, yaani kukaa katika sanduku na kuwa namba, somo ambalo halina mtihani na ndiyo sababu halikwisha. Mafuvu ya mkusanyo ule yalihamishwa kutoka hospitali ya Charité mwaka 2011, yakapokewa na Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Na mwaka 2023 taasisi hiyo ikatangaza kwamba imeyachunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikaona 904 asili yake ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Hapo ndipo vitivo vya jenetiki, sheria, maadili na historia vilipofunguliwa kwa pamoja, na watu wenye shahada kubwa wakaanza kujadiliana iwapo mtu aliyechukuliwa bila ridhaa aweza kurejeshwa bila utaratibu.

Kwa vipimo vya vinasaba, fuvu moja lilitambulikana kuwa la Akida, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, mshauri wa Mangi Meli mtawala wa Wachagga, na jamaa za Akida walio hai wakaonekana. Twampa Akida mkono wa tahania kwa kufaulu somo la kujitambulisha. Wetu, kwa tunavyojua, angali anarudia darasa.

Hatusemi hayo kwa kutojua kwamba ilimu huchukua muda. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, naye pia hakujifunga kwenye taaluma moja, bali alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, anthropolojia ya jamii, historia ya Uingereza, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Na mwaka 1952 akahitimu, akarudi akiwa mzima, wala hatukusikia kwamba chuo kile kilidai kubaki na kiungo chake chochote kwa ajili ya marejeo. Kwenu mapenzi yamezidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuja Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Kiswahili na kulipwa jeuri na baadhi ya wanafunzi wake, alipotaka kurejea pwani mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani, wakubwa wa koloni walimzuia kushuka melini, akarudi kwenu, akafia Berlin mwaka 1927. Hata yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, mtu wa Kusini mwenzetu, mliyemchimbua kati ya mwaka 1909 na 1913, alisimamishwa ukumbini Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13 na ushei, na kwa tunavyosikia hakosi wageni. Huyo walau anajulikana aliko.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wenu, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakaa na wajukuu na vitukuu wa nduna, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kwamba kichwa kitatafutwa. Akaongeza, kwa uungwana, kwamba hawezi kuahidi kuwa kitapatikana. Tulilipokea ombi hilo la radhi kwa heshima. Lakini mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu siku nyingine, mambo hayo yakizungumzwa, aliuliza swali ambalo nalileta kwako kama lilivyo: taifa linalojua kila mwezi kijana wa Songea amebakiwa na euro ngapi katika akaunti, limeshindwaje kujua limemweka wapi babu yake?

Basi, Muhtaramu, hatutaki shahada. Hata akiwa amebakiza somo moja, tunakubali arudi bila joho. Gharama za masomo msitutoze, kwa kuwa hakuomba kusoma. Na nauli ya kurudi ailipe aliyelipa ya kwendea. Ikiwa katika daftari zenu hamna jina lake, twataka mtuandikie hivyo bayana, kwa muhuri na sahihi, mkitaja ni maghala gani mmeyafungua na yepi hamjayafungua, ili wazao wake wajue pa kwenda kuuliza. Jibu liandikwe kwa Kiswahili: lugha hii ilianza kufundishwa katika seminari ya Berlin mwaka 1887, nasi hatutakubali udhuru wa kukosa mwandishi.

Wasalaam,

Mkazi wa Mfaranyaki, Songea.