Ukiitwa na Hekate, Soma Hapa Kwanza

Usishtuke. Kuitwa na mungu wa kike wa zama za kale hakuumi, hakudai ruhusa kazini, na huko Uingereza kumeshakuwa jambo la kawaida kiasi kwamba jirani yako wa ghorofa ya chini huenda aliitwa kabla yako. Katika sensa ya 2021 ya England na Wales watu wapatao 74,000 walijiandikisha kuwa wapagani, bila kuwahesabu wale waliojaza kuwa hawana dini huku kabatini mna mishumaa ya kutosha kumaliza mgawo wa umeme. Mwongozo huu ni wa mgeni, yule ambaye juzi tu ameanza kuokota funguo njiani na kuzitafakari.

Nataja funguo kwa sababu ni alama ya Hekate, na nadhani ndiye aliyekuita. Wanaoita siku hizi ni wachache na wanajulikana: Hekate wa Wagiriki, Morrigan na Brigid wa Ireland, Freyja wa watu wa kaskazini, Isis wa Misri. Roma ya kale ilikuwa na wengi zaidi. Alikuwepo Cardea, mungu wa bawaba za mlango, ambaye Mtakatifu Augustino alimcheka katika kitabu chake Mji wa Mungu: nyumba yoyote inatosheka na bawabu mmoja, lakini mlango wa Mrumi ulihitaji miungu watatu, mmoja wa ubao, mmoja wa bawaba, mmoja wa kizingiti. Alikuwepo Cloacina, mungu wa mfereji mkuu wa maji machafu, mwenye kijihekalu chake palepale Forum, katikati ya jiji. Sijasikia mtu aliyeamka usiku wa manane jasho likimtiririka akisema ameitwa na Cloacina. Kazi yake haikuwa ndogo, muulize yeyote aliyepitia masika ya Dar es Salaam, lakini huyo haiti. Wanaoita ni wale wanaopendeza wakichorwa na joho jeusi.

Tuje kwenye dalili. Umeota mwanamke mwenye mwenge; hiyo tuiache, ndoto ni za mwenyewe. Umekodolewa macho na mbwa mweusi bustanini. Tuliza moyo. Labrador ni mbwa anayefugwa sana Uingereza, wengi wao ni weusi, na wote humkodolea macho mtu yeyote mwenye sandwichi. Wanaodai kuitwa na Morrigan hutaja kunguru, nami huwa nawasikiliza kwa adabu nikiwaza kwamba, kama kunguru ni wito, basi Unguja na Dar es Salaam zimeitwa mtaa kwa mtaa tangu kunguru wa India walipoletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo aliyeitika ameitika kwa jiwe. Kuna pia dalili ya namba. Hekate ana nafsi tatu, kwa hiyo ukiamka usiku simu ikasoma 3:33 utaambiwa hiyo ni sahihi yake. Sisi tunaoanza kuhesabu saa jua likichomoza, na tena likizama, tutasema ni saa tisa na dakika thelathini na tatu, na wito wote umeharibika.

Baada ya dalili huja manunuzi, na hapo ndipo asiye na tahadhari huliwa. Ukifika Glastonbury, mji mdogo wa Somerset ambako hekalu la mungu wa kike limesajiliwa rasmi kuwa nyumba ya ibada tangu 2003, utakuta barabara kuu yenye maduka ya fuwele, ubani, fimbo na sanamu. Utauziwa Hekate wa wanawake watatu waliopeana mgongo, na muuzaji atakueleza kwa sauti ya upole kuwa huyu ni msichana, huyu mama, huyu bibi kizee. Lipa ukitaka, lakini kwanza zitazame sanamu za kale zilizoko makumbusho. Wale watatu ni wasichana wa rika moja, wamesimama wima, nguo zao zina mikunjo ileile. Hakuna hata mmoja aliyepinda mgongo. Pausanias, msafiri wa karne ya 2, anasema wa kwanza kumchonga hivyo alikuwa Alkamenes, katika sanamu iliyosimama Akropoli ya Athene karibu na hekalu la Nike. Habari ya msichana, mama na bibi ilipata umaarufu kupitia mshairi Robert Graves na kitabu chake The White Goddess cha 1948. Bibi kizee huyo unayeuziwa kama wa tangu na tangu ni mdogo kuliko babu yangu.

Hilo lisikuvunje moyo. Upagani mamboleo wenyewe ni kijana. Sheria ya uchawi ya Uingereza ilifutwa 1951, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner, mstaafu wa forodha aliyefanya kazi Malaya, akachapisha kitabu kilichoitangazia dunia dini ya wachawi, akidai ni mabaki ya dini ya kale. Mwaka 1999 mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol alionyesha kwa subira kubwa kwamba mabaki hayo yalishonwa upya kwa vitambaa vya karne ya 19 na ya 20. Wapagani wengi walimsoma, wakakubali, wakaendelea kuwasha mishumaa. Nawaheshimu kwa hilo. Dini mpya si kosa. Dini zote ziliwahi kuwa na mwaka wa kwanza. Shida yangu mimi iko kwenye wito.

Pwani yetu ina utaratibu wake wa mambo haya. Mtu akipandwa na pepo, fundi haanzi kwa kumpongeza. Anauliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo hujibu kwa kinywa cha kiti chake, yaani mtu aliyempanda, tena kwa orodha: ubani, marashi, nguo ya rangi fulani, ngoma ya siku kadhaa. Wa Kiarabu ana matakwa yake, na wa kibuki, waliovuka bahari kutoka Bukini, wanadai brandi. Jamaa hukaa chini wakahesabu gharama, wakaomba kupunguziwa, na pepo mwenye busara hupunguza. Hakuna pale anayedhani amepewa cheo. Wanajua wana deni.

Sasa msikilize aliyeitwa na Hekate mjini Bristol au Portland. Amemwambia nini? Amemwambia ajipende. Amemwambia aachane na yule mwanamume, ambaye hata dada zake walikuwa wamechoka kumwambia amuache. Amemwambia kazi ya benki haimfai, kwamba ana kipaji kilichofichika, na kwamba ile pete ya fedha yenye jiwe jeusi ni yake. Yote haya yanaweza kuwa kweli. Lakini mungu mwenye fungu lake ardhini, baharini na mbinguni, ambaye Zeus mwenyewe alimpa heshima kupita wote, anasafiri karne zote hizo kuja kuunga mkono yale uliyokwisha kuyaamua? Mshairi Hesiod, aliyemsifu mapema kuliko waandishi wengi, anamweleza kama mwenye kuwasaidia wanaoshindana, wapanda farasi, wafugaji na wavuvi. Humjazia mvuvi nyavu, na akitaka humnyang'anya samaki walewale mbele ya macho yake. Huyo si mshauri nasaha. Kabla hujajibu wito, tafuta jambo moja ambalo amekuambia nawe hukulipenda. Ukikosa, subiri kwanza. Huenda unaongea peke yako.

Wagiriki wenyewe, wengi wao, hawakutamani aite. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alimchora mtu wa ushirikina ambaye hukaa anatakasa nyumba yake akidai Hekate ametumwa kuiingilia; na akimwona mtu njia panda anakula vilivyowekwa hapo, hurudi nyumbani kuoga kutoka kichwani hadi miguuni, kisha huita makuhani wa kike wamsafishe kwa kitunguu cha porini au kwa mtoto wa mbwa. Ndiyo, mtoto wa mbwa. Mbwa walichinjwa kwa ajili yake, weusi hasa. Sehemu hii utaikuta imerukwa katika vitabu vingi vyenye jalada la zambarau, na aliyeitwa, ambaye mara nyingi ana mbwa wawili wanaolala kitandani kwake, huwa anaomba tubadilishe mazungumzo. Wapo waliopata njia nzuri zaidi: hutoa fedha kwa vituo vya mbwa waliotelekezwa. Mimi ningekuwa Hekate ningekubali.

Kuhusu wenzako, kwa ufupi. Utakuta kambi mbili. Wa kwanza hawawashi mshumaa bila aya ya Kigiriki; wa pili hupokea ufunuo wa binafsi bafuni na kuutangaza kabla nywele hazijakauka. Usiwaalike chai siku moja. Na ukiambiwa sikukuu yake kuu ya kale ni 13 Agosti, jua kuwa tarehe hiyo kwa Warumi ilikuwa ya Diana. Anayetaka sikukuu yenye ukweli kuhusu umri wake ana mwezi mpevu wa Mei: ibada ya mioto iliyoanzishwa 2010, nao walioianzisha wanakiri ni ya 2010.

Likibaki lile unaloweza kulifanya kweli, basi ni chakula cha jioni cha Hekate. Waathene walikipeleka njia panda kila mwisho wa mwezi, usiku mwezi usipoonekana kabisa, kabla haujaandama. Msomaji wa Kiswahili hapa anawazidi wote, maana hahitaji programu ya simu. Mpigie mjomba, yule anayebishana kila mwaka kama mwezi wa Ramadhani umeonekana au wameusikia tu redioni. Wala usiogope mkipishana siku moja. Kila mji wa Kigiriki ulikuwa na kalenda yake, na haikulazimika kupatana na ya jirani.

Kwanza unafagia. Takataka za nyumba nazo zilikuwa sehemu ya mambo: chini ya kitanda, nyuma ya jiko, pale ulipojiambia utapafikia wiki ijayo. Halafu unaandaa mkate, mayai, vitunguu saumu, na ukiweza mkundaji, yule samaki mwekundu mwenye ndevu mbili, ambaye Ulaya bei yake itakupa jambo lako la kwanza ambalo hukulipenda. Angalia saumu zisibaki wazi. Ni sumu kwa mbwa, na itakuwa aibu kubwa kumhudumia mwenye mbwa kwa kuwaua.

Nani alikila? Hilo lilijulikana Athene nzima. Katika Ploutos, tamthilia ya Aristophanes ya 388 KK, inasemwa kwamba matajiri hupeleka chakula hicho kila mwezi na maskini hukinyakua kabla hata hakijatua chini. Demosthenes naye, katika hotuba ya kesi ya kupigwa, anatupa picha ya kundi la wahuni wa mjini ambao sifa yao mojawapo ilikuwa kula vya Hekate. Kwa hiyo kila mwezi sahani iliondoka mikononi mwa mwenye nacho ikafika tumboni mwa asiye nacho, na mungu hakulalamika. Wapagani kadhaa wa leo wamelielewa hilo vizuri, na mwisho wa mwezi mwandamo hupeleka mifuko ya unga na makopo ya maharage benki ya chakula. Hakuna anayewapiga picha, maana hakuna joho.

Ukishikilia kwenda njia panda yenyewe, uliza kwanza kama ipo. Milton Keynes, mji ulioanzishwa 1967, una vipilefti zaidi ya 100, na kipilefti hakina njia panda: kina bustani katikati na magari yanayoizunguka. Mungu wa nyuso tatu amezoea kutazama njia tatu kwa pamoja, sijui atatazama wapi pale. Halmashauri nayo itakiona chakula chako kuwa taka iliyotupwa hadharani, na faini yake si ya kujadiliana kama ya pepo. Tafuta njia ya miguu, mahali inapogawanyika, weka kidogo, bila plastiki.

Kisha ondoka. Mila ni kwamba ukishaweka hugeuki kutazama nyuma. Fuata mila. Ila Waathene hawakuwa na basi la saa nne usiku, na Uingereza magari hushika kushoto kama kwetu, kwa hiyo kabla ya kuvuka tazama kulia, mara mbili ikibidi.