Kwa Waziri wa Nishati wa Uganda: Ombi la Kituo cha Gesi Bwera

Mheshimiwa Waziri,

Sisi waendesha boda wa Bwera tumeamua kuwekeza katika gesi asilia. Wataalamu wanasema ndiyo mafuta ya kesho, na petroli ya leo imetuchosha: hutoka ng'ambo na kuvuka nchi mbili, na ikifika kwetu, ng'ambo ya mpaka, Kasindi, wanaingoja na madumu.

Tulifurahi Novemba 2023 mlipotia saini na Tanzania kuchunguza bomba la kutuletea gesi. Bomba jingine, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni la kupeleka mafuta yetu baharini, tena yakipashwa moto njia nzima yasigande. Basi mafuta yetu yatashuka, gesi yao itapanda, na mabomba yatapishana njiani yakiulizana habari za nyumbani. Mafuta yenyewe yaligunduliwa 2006; hapa steji kuna madereva wenye leseni waliozaliwa baadaye.

Ujuzi tutauazima Dar es Salaam, ambako bajaji na teksi hutumia gesi ya Songo Songo na madereva huusifu unafuu wake wakiwa kwenye foleni. Mtungi ndio uliotugombanisha. Gesi hushindiliwa hadi mgandamizo wa takriban mara 200 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo mtungi lazima uwe mgumu na mzito, na kwenye boda ya Bwera nafasi hiyo ina gunia la unga wa muhogo, abiria wawili na mbuzi. Tumeafikiana ashuke abiria mmoja. Mbuzi amekwishalipiwa.

Uvumilivu wetu usiutilie shaka. Reli ilifika Kasese 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Shaba ilikoma, treni ikakoma, sisi tupo.

Mwenzetu mmoja aliuliza kikaoni kwa nini tusinunue boda za umeme, maana mto Mubuku unauzalisha humu humu wilayani, kituo cha Bugoye peke yake megawati 13. Tulimkalisha chini. Nishati iliyo karibu hivyo haina bomba, haina mkataba, haina hata semina. (Alitaka pia kuuliza habari za umeme kukatika, lakini taa zilizimika.)

Ukitupa leseni ya kituo, Mheshimiwa, tutajie na mwaka gesi itakapofika, tujue kwenye fomu ya mmiliki tuandike majina yetu au ya wajukuu.

Mwenyekiti wa steji,
Bwera